Mwezi Nilioacha Mswaki

Nikipita mahali wanapochana ukindu mbichi, ulimi wangu huondoka wenyewe ukaenda upande wa kushoto, chini, nyuma kabisa, kupapasa pengo. Siutumi. Hata nikiwa katikati ya mazungumzo, nikinusa tu harufu ile ya jani linalopasuliwa kwa kucha, ulimi umeshafika. Juzi mkwe wangu alikaa barazani na mafungu yake ya ukindu, nami nikawa napita na ungo wa mchele, nikajikuta nimesimama mbele yake kinywa wazi kama mtoto anayesubiri kukaguliwa. Akaniuliza, "Mama, umesahau nini?" Nikamwambia sijasahau kitu. Ilikuwa kweli.

Harufu ile ni ya vidole vya mama yangu. Nazungumzia siku tulizokaa Kaole, nilipokuwa na miaka minane au tisa, kabla Wadachi hawajaushika mji wa Bagamoyo, wakati misafara ya pembe ilipokuwa ikishuka kutoka bara na sisi watoto tukiijua kwa milio ya bunduki kabla hatujaiona. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka milio ile, na jinsi kina mama walivyoacha kutwanga wakasikiliza. Baba yangu, Mfaume, alikuwa mkulima wa mpunga, na minazi michache aliyorithi. Mwaka huo mvua za vuli zilitunyima, akaamua kwenda bara na msafara mmoja kuwa askari wa kulinda mizigo. Mama akabaki na shamba, na mimi, na mikeka yake ya kusuka.

Mama alikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa meno. Nikivunja chungu alicheka. Nikirudi na nguo imechanika alinishonea bila neno. Lakini kwa meno hakuwa na mchezo. Kila alfajiri, kabla ya sala, tulichutama uani, yeye na kata yake ya maji, mimi na kijiti changu cha mswaki kilichotafunwa ncha mpaka ikatoa nywele. Alinisimamia: ya mbele, ya pembeni, magego, nje, ndani, kisha ulimi. Siku ya Ijumaa tuliongeza chumvi na unga wa mkaa, tukatema maji meusi tukachekana. Na jioni baada ya chakula, hasa tukiwa tumekula embe au nyama, ndipo alipochukua uchane.

Uchane ni kile kipande cha jani la ukindu kilichopasuliwa kikawa chembamba, anachosukia mtu mkeka. Mama alichagua ulio laini kuliko zote, akaupasua tena mpaka ukawa kama uzi, akaulowesha, akaushika ncha mbili. "Funua," alisema. Kisha akaupitisha katikati ya jino na jino, ukishuka na kupanda taratibu, mpaka nyuzi za embe zikatoka.

"Mswaki unafagia barazani na uani," alikuwa akiniambia. "Na vichochoro je? Uchafu wenyewe umejificha vichochoroni."

Upande wa kushoto alinichelewesha zaidi, kwa sababu gego langu moja la chini lilikuwa na tundu dogo jeusi ubavuni, pale linapogusana na jirani yake. Mama alilitazama lile tundu kama mtu anavyoutazama ufa kwenye mtungi wake wa pekee. Alilipitishia uchane mara mbili, akanisuuza kwa maji ya chumvi, akanitilia karafuu iliyosagwa. Mimi nililia kwa uvivu tu. Sikuelewa kwa nini jino moja limtie mtu mzima wasiwasi. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine yalikuwa yakichungulia; nilidhani ndivyo yalivyo yote, likitoka hili linakuja lile, maisha yote ya mtu.

Siku baba alipoondoka alinisimamisha juu ya baraza, tukawa uso kwa uso. "Hebu cheka," akasema. Nikacheka. Akayagusa mapengo yangu kwa kidole. "Nikirudi nataka niyakute yameota yote." Yeye mwenyewe alikuwa na mwanya mpana, na akicheka hapana mtu aliyeweza kukaza uso mbele yake. Akamwambia mama maneno mawili matatu, akatweka bunduki begani, akaenda mjini kuungana na wenzake. Walisema miezi sita, labda saba.

Masika yakaja, yakakatika. Tulivuna mpunga bila baba. Misafara miwili ilishuka Bagamoyo. Mama akaenda kuuliza mara mbili, akarudi mara mbili na kikapu chake kichwani, akaendelea na kazi.

Chuo chetu cha Kurani kilikuwa kwa Mwalimu Haji, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye sote tulimwogopa ingawa sikumbuki hata siku moja amempiga mtu. Siku za mwisho za mwezi wa Mlisho, ule unaotangulia Ramadhani, alitukalisha akatufundisha habari za kufunga. Mambo mawili yaliniingia. La kwanza, kwamba harufu ya kinywa cha mtu aliyefunga Mwenyezi Mungu huipenda kuliko miski. La pili, kwamba kwa sababu hiyo mwenye kufunga huuacha mswaki adhuhuri ikishapita. Yawezekana alisema na mengine. Mimi nilisikia hayo mawili, nikatoka nayo chuoni kama mtu aliyeokota kito.

Miski niliijua. Shangazi yake mama alikuwa na chembe ndani ya kichupa, na siku za harusi alitufungulia tuinuse kisha akakifunga haraka. Kama Mungu aliipenda harufu ya kinywa changu kuliko ile, basi mimi mtoto wa Kaole nilikuwa na kitu cha kumpelekea. Na kama aliipenda kutoka adhuhuri mpaka magharibi, kwa nini niikatize alfajiri kwa mswaki? Ningemkusanyia. Ningeiacha izidi siku hata siku, isimame juu ya nyumba yetu, mpaka Mungu aulize hii yatoka wapi, aambiwe ni ya binti Mfaume, baba yake yuko bara hajarudi. Sikumwambia mtu. Nilinuia kwa siri, usiku wa kuandama mwezi, kwamba sitaugusa mswaki wala uchane mpaka baba aingie mlangoni.

Kumdanganya mama hakukuwa kugumu kama nilivyoogopa. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga, na mchana kutwa yuko kwenye mpunga, anapepeta, anaanika. Alfajiri nilichutama nimempa mgongo, nikaiponda ncha ya mswaki kwa jiwe ili ionekane imetafunwa, nikasukutua kwa sauti. Jioni alipoutafuta uchane nilimwambia, "Nimeshapitisha mwenyewe, mama." Mara ya kwanza alinitazama. Mara ya pili akatabasamu, akasema, "Haya, umekuwa mkubwa." Tabasamu lile lilinichoma, lakini nikajiambia baba akirudi nitaeleza yote na tutacheka.

Nilifunga mwezi mzima, ndio mwaka wangu wa kwanza kuukamilisha. Magharibi nilikula tende, na maandazi, na uji wa sukari guru, nikalala na utamu wake mdomoni. Baada ya siku kumi hivi, meno yangu yalikuwa na utelezi niliouhisi kwa ulimi, kama mawe ya kisimani. Fizi zikaanza kutoa damu nilipotafuna. Hata hivyo sikuona aibu, ila mama nilimsemesha kwa mbali asijue. Chuoni rafiki yangu Tatu, tuliyekaa naye jamvi moja tangu alifu, alianza kujisogeza. Kwanza kidogo, kisha akahamia upande wa pili kabisa. Nikimsemesha alishika pua. Watoto wengine nao wakaniachia nafasi pana, na mimi nikaketi katikati ya nafasi ile nimejaa utulivu. Niliwahurumia. Nilidhani wanadamu hawawezi kuvumilia harufu inayopendwa mbinguni.

Leo nikikumbuka nacheka, halafu kicheko kinakatika. Mtoto yule alikuwa amekaa peke yake juu ya jamvi, anaoza kinywa, na anaamini kwamba anamvuta baba yake kwa kamba isiyoonekana.

Idi ilipita. Baba hakuja. Sikukata tamaa, nilijiambia labda harufu haijafika. Siku chache baada ya Idi gego lile likaanza kunipiga. Lilipiga kama moyo, hasa nilipoinama. Nikanyamaza, nikilichukulia kuwa ni alama, kwamba sasa mambo yanajibiwa. Siku ya tatu niliamka shavu limevimba, ngozi imekaza na inang'aa, na kinywa hakifunguki zaidi ya upana wa kidole. Mwili ulikuwa moto. Mama aliniwekea mkono shavuni, akatoka mbio kuita mtu.

Jirani yetu, Bi Zuhura, aliletwa haraka. Alikuwa na dawa ya wadudu wa meno ambayo ninyi nyote mliwahi kuiona: mbegu za mtunguja juu ya makaa ndani ya kigae, na kibuyu kilichokatwa shingo kuuelekeza moshi kinywani. Nilikohoa, nikatokwa na machozi. Bi Zuhura akasema wadudu wametoka, kesho utaona. Kesho yake uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya.

"Tumjaribie tena moshi," alisema Bi Zuhura.

"Hapana, dada yangu. Nakushukuru, lakini hapana." Mama alikuwa tayari anatafuta kaniki ya kunibebea. "Mama yangu alikufa hivi hivi. Lilianza shavu, likashuka shingoni, akashindwa kumeza hata mate yake. Watu wakasema jini, wakaleta ngoma. Mimi nilikuwa nimemshika kichwa. Lilikuwa jino."

Nilikuwa nimelala mkekani na nikayasikia yote. Hakuwa ameniambia kabla. Nilijua tu kwamba bibi alifariki nami sijazaliwa. Mwaka mzima nilikuwa nikidhani mama ana udhia wa kupenda usafi kupita kiasi, kumbe kila jioni aliponishika kidevu alikuwa akimtazama mama yake.

Alinibeba mgongoni kutoka Kaole hadi mjini asubuhi ile, mimi mtoto mkubwa, miguu yangu ikimgonga mapajani. Nilikuwa nikisikia pumzi yake, na nikajitahidi kugeuza uso upande ili yangu isimfikie, kwa maana homa ilikuwa imeniondolea ule utukufu wote, nikaanza kuisikia harufu yangu mwenyewe.

Fundi Kombo alikuwa kinyozi, mwenye baraza karibu na soko. Alinyoa, aliumika watu damu kwa pembe, na aling'oa meno. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, mwenye viganja vikubwa visivyolingana naye. Alinikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, akanibonyeza taya kwa kidole gumba, akanusa, akamwambia mama bila kuficha, "Usaha umejaa. Usipopata njia ya kutokea utajitafutia ya kwake, na huko unakoelekea si kuzuri. Mshike kichwa."

Koleo lilikuwa limelazwa ndani ya bakuli la maji ya moto. Lakini sikuliogopa koleo. Nilichoogopa ni lile bakuli la pili, la maji ya chumvi na karafuu, kwa sababu nilijua baada ya jino kutoka nitaoshwa kinywa chote, na kazi yangu ya siku arobaini itamwagika pale barazani. Nikabana midomo. Mama akaniambia funua, mwanangu. Nikatikisa kichwa. Fundi akaniambia ni mara moja tu kama kuchomwa na mwiba. Nikatikisa kichwa.

"Unaogopa nini?" mama akauliza. "Niambie."

"Baba hatarudi," nikasema kati ya meno.

"Nini?"

"Nikioshwa, baba hatarudi."

Fundi Kombo akarudisha koleo ndani ya bakuli. Nikaeleza, vipande vipande, kwa kinywa kisichofunguka: miski, mswaki, nia, jiwe nililopondea ncha. Nilidhani mama atanipiga. Alichutama mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepotewa na njia mahali anapopajua.

"Na mimi nikafurahi," akasema polepole, "nikasema mtoto amekua, nipumzike." Kisha akavuta pumzi. "Sikiliza. Baba yako akirudi akute kinywa kinanuka, atakuosha yeye mwenyewe. Akirudi akute kaburi, atafanya nini? Nataka akukute hai. Hilo tu. Funua."

Nikafunua.

Sitasimulia maumivu, kila aliyeng'olewa anayajua, na asiyeng'olewa namwombea asiyajue. Nitasema tu kwamba usaha ulitoka mwingi hata mtu aliyekuwa akisubiri kunyolewa alihama, na kwamba kabla sijamaliza kulia nilikuwa nimeshaanza kupata nafuu. Fundi aliliosha gego, akaliweka kiganjani, akamwonyesha mama ubavu wake uliolika. "Tazama lilipoanzia. Si juu panapotafuniwa. Hapa, kati yake na jirani. Mlikuwa hampitishi kitu?"

"Tulikuwa tunapitisha," mama alijibu, wala hakunitazama wakati akisema.

Fundi akaniinamia. "Hili haliji tena, bibie. Ya utotoni huja mengine. Haya ya sasa ndiyo uliyopewa. Yaliyobaki yatunze kama macho." Nilishangaa kuliko nilivyoshangaa kitu chochote mwaka ule. Hakuna aliyekuwa ameniambia, au niliambiwa nikiwa sisikilizi, kwamba kuna vitu mwilini ambavyo mtu hupewa mara moja.

Siku ya tatu nilikuwa nakunywa uji, shavu limenywea, tuliposikia hodi. Alikuwa Mwalimu Haji. Mama alikuwa amemwendea chuoni. Alimwambia nini sijui. Alikataa kiti, akakaa chini ukingoni mwa mkeka wangu, magoti yake marefu yakiwa karibu na kidevu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Unameza vizuri?"

"Nameza."

"Hebu nisomee nilichokufundisheni habari za kinywa."

Nikamsomea yale mawili. Aliuviringa mkononi mswaki mpya aliokuja nao, mbichi bado, gome lake halijamenywa.

"Hayo niliyasema," alisema. "Yaliyobaki sikuyasema. Niliona yanajulikana, nikapita haraka kwa kuwa jua lilikuwa linazama na nilikuwa na njaa. Kosa ni langu, si lako." Watoto wa leo hawawezi kujua uzito wa maneno hayo kutoka kwa mwalimu wa wakati ule. Nilitazama chini kwa haya. "Mtume, rehema na amani zimshukie, aliupenda mswaki hata akatamani watu wautumie kila wanapotaka kusali. Ramadhani, kabla ya adhuhuri, unapiga. Ukishafuturu, unapiga. Ile harufu anayoipenda Mola ni ya tumbo tupu la mtu aliyejinyima kwa ajili yake. Si ya chakula cha juzi kilichooza vichochoroni."

Nilishtuka kusikia neno la mama kinywani mwake. Hapo nikajua walizungumza mengi.

"Na baba?" nikauliza.

"Baba yako yuko mikononi mwa Mungu. Harufu haimleti mtu, wala kuoga hakumzuii mtu. Mwombee kwa kinywa kisafi."

Nikaitikia. Lakini niwaambie kweli: sikumwamini sawasawa. Nilidhani ananihurumia kwa sababu nimeshaivunja nia na hakuna la kufanya. Alfajiri iliyofuata nilirudi uani na mama na kata yake, na uchane ukarudi jioni, na kila nilipopitisha mswaki niliona kama namsukuma baba hatua moja nyuma, kuelekea bara. Nilipiga mswaki huku nikilia. Mama alidhani kidonda kinaniuma. Au labda hakudhani hivyo. Alikuwa akinisugua mgongo mpaka nimalize.

Mwezi mmoja ukapita hivyo. Tulikuwa katika Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, asubuhi, mimi naanua mpunga, nilipomwona mtu amesimama njiani, amekonda, uso una makovu mapya ya ndui. Nilimtambua kwa mwendo tu: Bwana Shomari, rafiki ya baba, waliyeondoka pamoja. Mama alikuwa amemwona kabla yangu. Alimfuata huko huko njiani, wakasimama chini ya jua, yeye amejifunika ushungi, wakasemezana. Sikusikia neno. Nilimwona mama akijishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaishusha. Wakasemezana tena, kwa muda mrefu. Kisha mama akageuka akaniita ndani.

Aliniweka mapajani pake. "Mwambie, shemeji."

Bwana Shomari akasema baba amefariki. Ndui iliwakamata Usagara, wakiwa wanarudi. Walimwosha, wakamsalia, wakamzika vizuri. Mama akauliza, sauti yake ikiwa imara mno, "Lini? Mwezi gani? Mwambie mtoto asikie."

"Mwanzo wa Mlisho," Bwana Shomari akajibu akitazama sakafu. "Kabla ya Ramadhani. Ramadhani ilitukuta tumeshamzika zamani."

Mama akanigeuza nimtazame. "Umesikia? Kabla ya Ramadhani. Kabla hata mwalimu hajakufundisheni. Ulipoanza kuacha mswaki, baba yako alikuwa ameshatangulia. Ulipooshwa kinywa, hukumfanya lolote. Umesikia, mwanangu?"

Nikasema nimesikia. Kisha nikalia kwa ajili ya baba yangu, kilio cha kawaida cha mtoto aliyefiwa, wala hakikuwa na kitu kingine ndani yake. Nilihisi mgongo umetuliwa mzigo saa ile ile uliopigwa.

Mama akakaa eda. Alivaa nyeupe, hakujitia manukato wala wanja, hakutoka. Lakini kila alfajiri nilimkuta uani na mswaki wake, na mimi nikachutama kando yake. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Idi ya kuchinja ilimkuta ndani, na mwaka mpya ukamkuta ndani; alitoka mwezi wa Maulidi ulipoandama.

Nilikua, nikaolewa Mlingotini, nikazaa. Sikupoteza jino lingine mpaka nilipokuwa na wajukuu, na watoto wangu watakwambieni kwamba nilikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa moja. Kisha nikafiwa na mume wangu, nami nikakaa eda yangu. Mwanamke mwenye elimu alikuja kunifundisha hesabu yake: miezi minne na siku kumi, tangu siku aliyokufa mume, si tangu siku mke alipopata habari. Nilimwambia arudie. Akarudia. Kama baba yangu alikufa mwanzo wa Mlisho, eda ya mama ilipaswa kuisha Idi ile ile ya kuchinja. Naye alikaa ndani karibu miezi mitatu mingine baada ya hapo. Mama hakuwa mtu wa kukosea jambo la dini. Nilihesabu kwa vidole nikirudi nyuma, nikapata kumi la mwisho la Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, siku kama kumi hivi baada ya Fundi Kombo kuning'oa jino.

Nilikaa na hesabu ile peke yangu. Nilitarajia initie hatia upya, lakini nilikuwa mtu mzima. Nilijua ndui haiulizi harufu ya kinywa cha mtoto. Nilichokifikiria ni kile kisimamo cha njiani chini ya jua. Mama alikuwa ameambiwa kwamba mumewe amekufa. Alijishika kichwa, akaishusha mikono, na jambo la kwanza alilolitafuta duniani baada ya hapo lilikuwa tarehe ya kunipa mimi.

Sikumwambia. Alizeeka kwangu, akaugua kwangu, na katika ugonjwa wake wa mwisho hakuweza kunyanyuka, nikawa namsafisha kinywa mimi. Ninyi mliouguza wazee mnajua jinsi kinywa cha mgonjwa kinavyokauka na kupasuka kisipoangaliwa, na jinsi mgonjwa anavyopata utu wake tena kikishasafishwa. Nilizungushia kidole changu kitambaa laini, nikakichovya maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikampitisha fizi taratibu, na mashavu kwa ndani, na ulimi. Asubuhi moja alinishika kiganja nisiendelee.

"Kuna neno nataka kulitoa," akasema. "Shomari ule mwezi hakuusema kweli. Mimi nilimwomba."

"Najua, mama."

Alinitazama sana. "Tangu lini?"

"Tangu eda yangu. Nilihesabu."

"Na hukuniuliza."

"Sikuwa na la kuuliza."

Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, nikayapangusa. Nikakikamua kitambaa, nikakichovya tena.

"Funua, mama," nikamwambia. "Bado huku nyuma."